Ndege ya Paramaribo na Ukweli wa Douwe

Kwetu Uholanzi ukweli hautafuniwi mtu. Ukivaa shati baya unaambiwa kabla ya kujuliwa hali, na aliyekuambia hujihesabu amekutendea wema. Douwe Terpstra alizaliwa ndani ya dini hiyo, huko Friesland, penye ng'ombe wengi na maneno machache. Baba yake alipougua saratani, ndugu walimtuma Douwe ampelekee habari. Alimkuta mezani na mkate wake wa jibini, akamwambia daktari anasema hataiona Pasaka. Mzee alitafuna mpaka akameza, kisha akasema, "Basi mayai ya Pasaka msinunue." Ukoo ule husimulia kisa hicho kwa fahari mpaka leo, kama koo nyingine zinavyosimulia vita.

Shamba lilipouzwa, Douwe alihamia kusini akapata kazi kwenye uwanja mkubwa wa ndege wa Amsterdam. Aliendesha kigari cha umeme, akiwachukua wasioweza kutembea kutoka ndege waliyoshuka hadi ile wanayounganisha. Abiria wote walikuwa na swali moja: tutawahi? Naziha, binti wa Kimoroko aliyezaliwa mjini humo na kufanya kazi kwenye mageti, aliwajibu wote inshallah, hata Wakatoliki. Douwe alimwona kama mchuuzi anayeuza bidhaa asiyokuwa nayo. Yeye alitazama ubao, akapima njia kwa jicho, akajibu ndiyo au hapana. Tumpe haki yake: mara nyingi alipatia.

Asubuhi moja ya Novemba, ukungu uliichelewesha ndege iliyotoka Bergen. Ndani yake alikuwamo Bi Hillegonda Pinas, mzaliwa wa Suriname aliyekuwa akiishi Norway kwa bintiye, magoti yamekwisha mgomea. Alikuwa anakwenda Paramaribo, mji mkuu wa kwao. Dada yake Ludwina alikuwa amelazwa. Chakula amekikataa, lakini kufa hajakubali, na kila aliyeingia chumbani aliulizwa kama Gonda, yaani huyu Hillegonda, amefika. Haya yote Bi Pinas alimweleza Douwe hata kabla ya kufunga mkanda. Na ndege za Paramaribo si mabasi. Ya leo ikikuacha, unaingoja ya keshokutwa.

Foleni ya pasi iliwala muda wao wote. Walipotokea upande wa pili, ubao ulikwisha andika kwamba geti linafungwa, nalo lilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi mrefu kuliko kumbi zote za pale.

"Tutawahi, mwanangu?"

"Hapana, bibi."

"Hata ukikimbiza?"

"Hata nikikimbiza. Hawa wakifunga wamefunga."

Bi Pinas alitoa simu mkobani. "Basi kama hatuwahi, usinirusherushe kama gunia la viazi. Simama mahali nimpigie dada yangu."

Douwe alisimamisha kigari dirishani. Heshima Mholanzi anayo, ila haiweki kwenye ulimi: aliizima simu yake ya upepo isije ikamkatiza mama wa watu, akasogea kando ili asisikie. Akasikia. Huko Paramaribo mpwa alikuwa ameiweka simu kwenye sikio la mgonjwa.

"Ludwina, nimekwama Amsterdam. Leo siji. Usijitese kunisubiri, umenisikia? Pumzika, dada yangu."

Kisha wakaenda taratibu hadi getini, maana utaratibu unataka abiria afikishwe hata kama ndege haipo. Ndege ilikuwapo. Ilikuwa inasukumwa kinyumenyume, imeanza tu. Naziha alimfuata Douwe mikono kiunoni, akamvuta pembeni.

"We Douwe, ulimficha wapi huyu bibi? Kuna kundi la kutoka Roma lilichelewa, rubani akakubali kuwangoja. Nimekuita mpaka koo limekauka. Mlango ulikuwa wazi, sasa hivi tu wameufunga."

Bi Pinas alikuwa kwenye kigari, anafunga kitambaa chake kichwani, hakusikia. Naziha aliutazama uso wa Douwe akaelewa kinachokuja, akamshika mkono wa koti.

"Usimwambie. Ameshakubali. Mwachie hivyohivyo."

Douwe alisema kwamba mtu ana haki ya kujua lililo lake.

"Haki ya nani? Yake, au ya kifua chako?"

Alikwenda. Alivua kofia, akamweleza yote: kwamba mlango ulikuwa wazi, kwamba wangewahi, kwamba yeye ndiye aliyesema hapana na yeye ndiye aliyezima simu. Alieleza vizuri, bila kujitetea.

Bi Pinas aliitazama ndege mpaka ikageuka.

"La kwanza nilikuuliza," akasema. "Hili la pili sikukuuliza."

Akaomba aletewe mtu mwingine wa kumpeleka hotelini.

Ludwina alifariki alasiri ileile. Mpwa alisimulia kwamba, simu ilipokatwa, mgonjwa aligeukia ukutani, asimuulizie Gonda tena. Bi Pinas alisafiri keshokutwa yake, akawahi mazishi. Naziha ndiye aliyempeleka getini, na ndiye aliyemletea Douwe habari hizo. Safari hii alizitoa kwa kuzizungusha sana, mpaka ikabidi Douwe mwenyewe amwambie aseme.

Jioni ya siku alipopewa habari hizo, Douwe alikaa jikoni na Tjitske, mkewe, mbele ya supu ya njegere. Alimsimulia kisa chote, kisha akamwuliza kama kosa lilikuwa lake.

Tjitske naye ni mtu wa Friesland. Alifikiri, akamwambia ndiyo. Halafu akamshika mkono, jambo ambalo kwao halifanywi mezani, asiuachie hata supu ilipoganda.