Moyo Mbichi wa Jumamosi ya Mwisho

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. La, si kweli. Sabini na nne Lorette alikuwa hai bado na sufuria lake lilikuwa jikoni. Basi ni sabini na tano, mwaka ule ukumbi wa parokia ulipoezekwa upya, wawindaji wakala maharage yao ya siku ya kwanza ya msimu huku harufu ya lami ikiwashukia vichwani. Ndiyo, sabini na tano. Ovide Pelkey alikuwa na miaka sitini na mmoja, vidole vinane, kwa sababu viwili alivipa msumeno wa kiwanda cha mbao, na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia aliyeitwa Tambour.

Kwa Kifaransa jina hilo maana yake ni ngoma. Alipewa kwa jinsi mkia wake ulivyokipiga kisanduku cha kuni kila Lorette alipofungua kabati.

Kule kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, mbwa wana fungu lao katika kila kulungu, na hakuna anayebishana juu ya hilo. Nyumba nyingi humtupia mbwa miguu ya mbele pale pale uani, na manyoya yake. Nyumba ya Ovide haikuwa hivyo. Baba yake Lorette aliwahi kuwa na mbwa aliyezoea kukimbiza kulungu, akapigwa risasi na bwana nyama kama sheria ilivyoruhusu, na tangu utotoni Lorette alifundishwa sababu yake: mbwa aliyeonja nyama mbichi ya kulungu, ingali na joto, hataitafuta tena kwenye bakuli. Ataifuata inakokaa. Kwa hiyo katika miaka yao thelathini na minne ya ndoa hakuna mbwa wao hata mmoja aliyeonja damu. Mbavu na shingo viliingia kwenye sufuria pamoja na shayiri, vikachemka tangu asubuhi mpaka mchana, kisha Lorette alitoa mifupa mmoja mmoja kwa vidole, akapeleka sufuria kibarazani lipoe. Mafuta yaliganda juu yakawa meupe kama barafu ya ziwani. Tambour aliketi mbele yake saa mbili nzima, udenda ukimgandia kidevuni.

"Ngoja," Lorette alimwambia. "Hata padre hungoja."

Alcide, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuoa na kila msimu alikuta ana shughuli mlangoni kwao siku ya sufuria, alikuwa akisema, "Mama Lorette, mbwa huyu anakula vizuri kuliko mimi."

"Oa basi."

"Nani atanitaka?"

"Hapo umesema kweli. Haya, keti pale kando ya Tambour, mngoje pamoja."

Halafu alivunja yale mafuta kwa mgongo wa mwiko, ka, ka, na mbwa alitetemeka mwili mzima. Jioni hiyo wao wawili walikula moyo wa kulungu uliokaangwa kwa siagi, vipande vyembamba, na mkate. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya msimu. Pembe Ovide hakuzijali. Zilirundikana bandani, panya wakizitafuna.

Lorette alifariki mwezi wa nne wa huo mwaka wa sabini na tano. Alianza na kikohozi tu.

Novemba ilipofika Ovide alikwenda msituni kwa sababu miguu ilishazoea. Alikaa juu ya kisiki siku tatu bila kuona kitu, au labda kulungu aliwaona akawaacha wapite. Hakuwa na haraka ya kurudi. Nyumbani angefungua mlango na jiko lingekuwa limezimika, na mbwa angemtazama yeye, kisha angetazama nyuma yake, kama mtu anayengoja wa pili aingie. Hilo ndilo lililomchosha kuliko baridi.

Jumamosi ya mwisho ya msimu alimfunga Tambour kibarazani kwa kamba, maana kwenda na mbwa kuwinda kulungu ni kosa kwa sheria, akashika njia ya kinamasi. Kwenye saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa limeshika vichwa vya misonobari, dume kubwa likatoka, likasimama. Risasi moja. Alipofika lilipoangukia alisikia pumzi nyuma yake, akageuka. Tambour alikuwa ameketi kwenye theluji, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Alikuwa amemfuata karibu maili tatu.

"Wewe," Ovide alisema. "Wewe, nani amekuita?"

Mbwa hakusogea. Aliketi vile vile alivyokuwa akiketi kibarazani, kifua mbele, akingoja. Ovide akapiga magoti, akampasua yule kulungu, na mvuke ukapanda kati yao. Moyo ulikuwa mzito na wa moto katika kiganja chake chenye vidole vitatu. Akafikiria nyumbani. Akafikiria sufuria lilivyofunikwa kifudifudi juu ya rafu tangu Aprili. Nani angechemsha? Nani angesema ngoja? Akaukata moyo katikati kwa kisu, nusu akaifunga kwenye kitambaa, nusu akaiweka juu ya theluji.

"Kula, mwanangu. Hakuna wa kungojewa."

Tambour alikuwa mtiifu hata hapo, alimtazama kwanza. Kisha akala.

Alcide aliwakuta kando ya barabara, Ovide akimburura kulungu na mbwa akitembea mbele. Alisimamisha pikapu, akashuka, akaitazama midomo ya Tambour.

"Umempa nini huyo?"

"Moyo."

"Mbichi?"

"Mbichi."

Alcide alivua kofia, akaivaa tena. "Lorette angekupiga kwa mwiko."

"Laiti angenipiga," Ovide alisema.

Wakampakia kulungu garini. Kabla ya kufika dukani, ambako kila kulungu hupimwa na kuandikwa, Alcide alimfunika mbwa kwa turubai.

Machi, baridi kali ikiwa haijaisha, kule ni mwezi mbaya kwa kulungu. Theluji imefika kifuani, na wote hukusanyika kwenye mierezi minene, wakipita vijia vyao vile vile kila siku. Jua la mchana huyeyusha theluji juu, usiku ikaganda ikawa gamba. Gamba hilo humbeba mbwa. Kulungu, mwenye kwato zake ndogo, huzama. Kwa hiyo mbwa wa nyumbani, mwenye kulala kando ya jiko, anaweza katika mwezi huo kufanya lile ambalo hangeweza mwaka mzima.

Bwana nyama wa sehemu ile aliitwa Merle Thurlow. Alikuja asubuhi moja, akagonga viatu vyake mlangoni.

"Mzee Ovide, kahawa ipo?"

"Ipo, ya tangu alfajiri. Inaweza kusimama yenyewe bila kikombe."

"Ndiyo naipenda." Akakaa, akanywa, akasifu kuni, akauliza habari za vidole. Kisha akasema, "Nimeokota kulungu watatu kwenye mierezi, nyuma ya kinamasi. Wamekimbizwa mpaka wakashindwa. Mmoja alikuwa na mimba."

"Mbwa ni wengi huku."

"Wengi. Nyayo zimekuja mpaka barabara yako."

"Umemwona?"

"Ningekuwa nimemwona, tusingekuwa tunakunywa kahawa."

Wote wawili wakamtazama Tambour, ambaye alisikia mambo yametulia, akapiga mkia mara mbili.

"Mfunge, mzee," Merle alisema akisimama. "Nikimkuta kule sitakuwa na la kufanya ila kumpiga risasi. Nawe utanichukia, na mimi kahawa hii nimeshaizoea."

Akafungwa kwa mnyororo. Mchana alilia, na chakula kilikaa bakulini mpaka kikaganda. Siku ya tisa ukosi wa ngozi shingoni mwake ulikatika, akatoroka. Ovide alizunguka ukingo wa msitu akiita mpaka sauti ikakauka. Kila alipositisha kuita alisikiliza kama kuna mlio wa bunduki. Saa sita usiku mbwa akarudi mwenyewe, amelowa mpaka tumboni, mwenye furaha kama zamani. Ovide akamshika taya, akamfungua kinywa. Katikati ya meno kulikuwa na nywele za kulungu, za kijivu, ngumu, zenye uwazi ndani kama nyasi kavu. Akazitoa moja moja kwa vidole, akazitia kwenye jiko, akaketi sakafuni na mbwa mapajani. Hakumwambia Merle. Hakumwambia hata Alcide. Alimpigia simu shemeji yake, Blanche, dada yake Lorette, aliyekaa ghorofa ya tatu mjini Lewiston, mahali pasipo kulungu.

"Mbwa?" Blanche alisema. "Shemeji, mimi nina ndege kanari."

"Kanari hatamsumbua."

"Mlete. Lakini umwogeshe kwanza, na wewe pia."

Majira ya joto yote yaliyofuata, Tambour akiwa kwa Blanche, Ovide alijenga ua. Alikata nguzo za mwerezi, akachimba mashimo, akapigilia waya mzito kimo cha mtu aliyenyoosha mkono. Alcide alikuja kila siku, akaegemea, akakosoa.

"Unafuga nini humo, dubu?"

"Shika waya, acha maneno."

"Nauliza tu. Nguzo hii imelala kama mimi Jumapili."

Hakuuliza ua ni wa nani. Alijua. Alipomaliza kukosoa alikuwa akishika waya.

Novemba ya sabini na sita Ovide alipata kulungu mdogo siku ya pili tu ya msimu. Akashusha sufuria rafuni. Hakuwahi kumuuliza Lorette shayiri ni kiasi gani. Mara ya kwanza aliunguza yote, mara ya pili alisimama hapo hapo na mwiko tangu alfajiri, akatoa mifupa kwa vidole vyake vinane, akalipeleka sufuria kibarazani likapoa. Jumapili, siku ambayo hakuna kuwinda, alilifunga sufuria kwa blanketi, akaliweka kwenye kiti cha pili cha pikapu, akaendesha mwendo wa karibu saa tano kwenda kusini. Mfukoni alikuwa na ukosi mpya.

Tambour alimnusa akiwa bado ngazini. Mlango ulikwaruzwa, Blanche akapiga kelele, kanari akapiga kelele. Mbwa alikuwa amenenepa, ananukia sabuni. Alilia kama mtoto, akazungukazunguka miguuni pa Ovide, kisha akatazama nyuma yake, kule ngazini, kama siku zote.

Ovide akaliweka sufuria chini jikoni, akavunja mafuta. Ka, ka. Mbwa akaketi. Kifua mbele.

"Ngoja," Ovide alisema.

Blanche alikuwa ameshika ukingo wa sinki. "Harufu hii," alisema. "Ni jiko la mama." Akageukia dirisha, akakaa hivyo mpaka mbwa alipokwisha kula na kulisukuma sufuria ukutani kwa ulimi.

Baadaye Ovide alisema anamtoa kidogo akanyooshe miguu, na Blanche, ambaye hakuwa mjinga, akasema, "Haya." Wakashuka ghorofa tatu. Kwenye pikapu mlango ulipofunguliwa tu Tambour aliruka akakaa kwenye kiti chake, akatazama mbele kupitia kioo, tayari kwa safari. Ovide akapanda, akawasha gari. Mkono ulikuwa mfukoni, juu ya ule ukosi.

Hakuondoka. Gari liliunguruma, vioo vikapata ukungu kwa pumzi zao. Mbingu ilikuwa imeshuka, ya rangi ya risasi, na chembe za kwanza za theluji zilianza kuanguka juu ya boneti, zikayeyuka. Kule kwao zitakuwa haziyeyuki. Kufikia Februari zingefika kiunoni, Machi kifuani, zikigandamana kando ya ua, upepo ukizipanga kama ngazi, na juu yake gamba la kumbeba mbwa. Wakati wote wa kiangazi, kila nguzo aliyoipigilia, alilijua hilo. Alcide alilijua, ndiyo maana hakusema. Ua wa kimo chochote, theluji ya kule huufikia.

Akazima gari. Tambour akamtazama.

"Shuka," alisema. Mbwa hakushuka; hakuwahi kukataa agizo, lakini hilo alilikataa. Basi Ovide akamchukua mikononi, mzima mzima, mzito kama gunia la viazi, akapanda ghorofa ya kwanza, akapumzika, ya pili, akapumzika, kidevu cha mbwa kikiwa begani mwake. Blanche alikuwa amesimama mlangoni. Hakushangaa. Alipokea sehemu ya nyuma ya mbwa, wakamwingiza ndani kama watu wanaohamisha kabati.

Ovide alikuwa na swali, naye alimuuliza Blanche kwanza, akiwa amesimama pale na manyoya yamejaa kotini. Blanche alisema kahawa iko tayari. Miaka iliyofuata alimuuliza Alcide, ambaye alivua kofia akaivaa tena. Alimuuliza Merle, na daktari wa mifugo wa Houlton, na hata padre mpya baada ya misa, ambaye alidhani ni mzaha akacheka. Alimuuliza Tambour mwenyewe kila Novemba, mpaka ya mwisho, sufuria likiwa kati yao kwenye sakafu ya Blanche: Ni ule moyo mbichi niliokupa uliokupeleka kwenye mierezi, au ulikuwa unakwenda tu kumtafuta yule ambaye kila mara ulitazama nyuma yangu kama yupo?