Taya Langu Si Ndagu ya Mtu

Aliyegundua ugonjwa wangu hakuwa daktari. Alikuwa sonara wa Shinyanga mjini, mzee wa Kihindi aliyerithi duka kwa baba yake. Nilimpelekea pete yangu ya ndoa aitanue, ilikuwa inanibana. Mwaka uliofuata nikarudi, imebana tena. Alinipima vidole, akafungua daftari lake, kisha akaniangalia usoni bila haya.

"Mama, mtu mzima vidole havikui," akasema. "Hii si kazi yangu. Nenda hospitali."

Nilikasirika, maana nilijua ameona na kidevu. Kila mtu alikiona, ila watu wana adabu ya kusema ukishapita. Kidevu changu kilikuwa kimetangulia mbele, meno ya chini yamepita ya juu, yameachana, hayakutani. Mimi mtoto wa Tinde, niliyekua nikitafuna matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha juani, nikawa nayamumunya kama bibi kizee. Sikuwa nimefika hata miaka arobaini.

Nilikwenda, kwa hasira hiyo hiyo. Picha ya kichwa iliyopigwa Mwanza ikaonyesha uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, unamwaga homoni ya kukuza mwili ndani ya mtu aliyekwisha kukua. Uvimbe ulitolewa Dar es Salaam, kwa kupitia puani. Vidole vikaacha kunenepa. Lakini mfupa ukishakua haurudi, na daktari aliniambia wazi kwamba nikitaka kutafuna tena, nivae kwanza nyaya za meno kwa mwaka na zaidi, kisha taya likatwe, lisogezwe nyuma, lifungwe kwa vyuma.

Nikamwambia, kata.

Shida ilikuwa machimboni. Nauza chai na chapati Geita, karibu na duara moja, yaani shimo la dhahabu, na wachimbaji wa pale walikuwa wamekwisha kuamua kwamba sura yangu ni ndagu. Ndagu ni masharti ya mganga: unatoa kitu chako, unapewa mali. Kwa maoni yao mimi nilitoa uso. Siku moja walikunywa chai yangu, wakashuka, wakakuta mwamba wenye dhahabu. Basi, kesi ikaisha. Tangu hapo hakuna aliyeshuka bila kupokea kikombe kutoka mikononi mwangu, mikono hii mikubwa.

Na mimi niliwaacha waamini. Sitajisafisha. Sokoni nilikuwa nimezoea kunong'onwa, hapa wanaume wazima walipanga foleni, "shikamoo mama, shikamoo mama," kila mmoja anataka nimpe mwenyewe. Nilipenda. Hilo ndilo kosa langu, nami nalikiri.

Nyaya zilipotimiza muda wake, bosi wa duara akasikia kwamba siku ya kukatwa taya imekaribia, akaja mwenyewe. Huniita Mayu, mama kwa Kisukuma.

"Mayu, wakukate nini? Ukirudi na sura nyingine, sisi tutashuka na nani?"

"Mtashuka na tochi zenu."

Hakucheka. "Sura hiyo si ya kwako peke yako," akasema.

Maneno hayo yaliniunguza. Miaka minne nilikuwa sijauma kitu kwa meno ya mbele. Usiku kucha kichwa kinagonga, mdomo haufungi, mate yananitoka mbele ya wateja, halafu mtu mwenye meno yake yote ananiambia sura yangu ni ya ushirika! Nilifunga kibanda kesho yake.

Kwa wiki sita baada ya upasuaji nilikunywa uji kwa bomba la sindano, taya limebanwa kwa mipira, mdogo wangu akinisagia hadi maharage. Uso ulivimba vibaya sana. Nilipoanza kusema, daktari alikuja na fomu ya maswali kuhusu maisha yangu. Je, unaepuka watu? Je, sura yako inakusumbua? Nikamwambia aandike hivi: sura haijawahi kunisumbua, wanaonisumbua ni wenye maoni.

Sikutoka nikiwa mrembo, na wala sikuagiza urembo. Pua ni ile ile pana, mikono ni ile ile. Mdomo wa chini una ganzi upande mmoja mpaka leo, chai huchirizika nami nisijue. Ila meno yanakutana.

Niliporudi Geita wachimbaji walisimama mbali, kama waliokuja kumwangalia maiti. Duara halikuwa limetoa kitu tangu niondoke, na waliokuwa wakitafuta wa kumlaumu sasa walikuwa naye. Nikawasha moto, nikaweka birika, nikaketi na sahani ya matobolwa niliyobeba kutoka nyumbani.

Bosi alikuja, akanichunguza kidevu, akahema. Kisha akaona mikono yangu, uso ukamchangamka.

"Angalau mikono imebaki, Mayu. Nipe chai kwa mkono wako."

Foleni ilianza kujipanga nyuma yake. Nilichukua tobolwa gumu kuliko yote, nikaling'ata kwa meno ya mbele, likavunjika, kila mtu akasikia. Machozi yalinitoka, nami sikuyafuta.

"Birika lile pale, jimiminie," nikamwambia. "Mikono yangu ina kazi. Nakula."