Shangazi Alipojipa Moja

Shangazi yangu ni mtunza maabara katika chuo cha uhandisi. Kwa miaka kumi na tisa amewafungulia wanafunzi chumba cha kompyuta, akafuta vumbi kwenye vioo, kisha akatoka. Humo ndani wanajifunza uigaji: unajenga daraja kwenye kompyuta, unalipakia mizigo, unaona litavunjikia wapi kabla halijajengwa duniani. Jamani, nani asingetamani! Yeye alitamani mpaka chakula cha mchana akawa anakilia nje ya dirisha la chumba kile, akisikiliza somo.

Mwaka huu mhadhiri alisema hata wafanyakazi wanaruhusiwa kufanya jaribio la utayari, la kuingia somo hilo. Darasani kilibaki kiti kimoja tu. Mimi nilikuwa likizo, nikaenda kumsaidia kupanga meza, nikabaki kutazama.

Swali: chuma cha mita moja, unene sentimita mbili kwa mbili, kimebanwa upande mmoja, upande wa pili umening'inizwa mzigo wa kilo mbili. Kitashuka kiasi gani? Kadiria kwa mkono.

Kijana mmoja, wenzake wanamwita Injinia kabla hajawa, alikimbilia programu aliyokuwa ameshaichezea nyumbani.

"Mita mbili na nusu!" akaropoka.

"We mwanangu," Shangazi akasema bila kuinua kichwa, "chuma cha mita moja kishuke mbili na nusu? Hicho chuma au tambi?"

Hata mhadhiri alicheka. Shangazi alikuwa ameandika milimita mbili na nusu, kwa kalamu, bila kufuta.

Ukurasa wa mwisho uliuliza: unajiamini kiasi gani kutumia programu? Jipe moja hadi tano. Injinia akajipa tano. Shangazi, moja.

Ijumaa matokeo yakabandikwa. Kwenye hesabu Shangazi aliwaongoza wote. Mwisho wa mstari wake: "Bado hayuko tayari." Kumbe ile alama ya kujiamini nayo ilihesabiwa.

"Shangazi, si ungejipa tano tu!"

"Sijaigusa hata siku moja, mpenzi. Tano ya nini?"

"Ungeingia!"

Alisoma ule mstari tena.

Jumatatu somo likaanza, Injinia kwenye kile kiti.

"Dada, tufungie mlango, kelele za karakana zinatusumbua," mhadhiri akasema.

Shangazi aliufunga polepole mno, akiwa nje, mkono ukabaki kwenye kitasa. Kupitia kioo cha mlango tuliona mistari ya daraja ikijichora.

"Wameanza na nguzo," akaninong'oneza. "Mimi ningeanza na mzigo."