Baridi ya Mgeta

Juzi nilipokuwa naosha chujio la kiyoyozi, harufu ya vumbi lililolowa ilinirudisha nyumbani Morogoro, alasiri moja baba akisugua la kwetu kwenye beseni la sabuni. Bibi alikuwa ameshuka kutoka Mgeta, milimani, kuja kutibiwa, na joto la mjini lilimnyima pumzi.

Baba alipolirudisha chujio, kiyoyozi kikanguruma pale dirishani, bibi akajifunika khanga.

"Hii sasa ndiyo baridi ya kwetu," alisema.

Nikaamini tunaivuta kutoka kule milimani, na kwamba itawaishia watu wa huko. Sikujua tulikuwa tunapozewa hewa yetu wenyewe ya chumbani. Bibi aliposinzia nikakizima, ili akirudi kwake aikute baridi yake.

Aliamka kalowa jasho. Nilipomweleza, hakunigombeza.

"Washa kidogo tu, mjukuu wangu," alisema akihema. "Nyingine tuwabakizie."