Macho ya Msichana wa Kamachumu
Juzi, katika ofisi ya shule moja pale Kamachumu, nilimkuta baba mmoja akimuuliza mwalimu kama binti yake atachukuliwa na chuo cha Kampala.

"Masomo anayaweza," mwalimu akasema. "Lakini Wazungu wa chuo hicho watamhoji uso kwa uso. Akiinamisha macho hivyo, watadhani hajui kitu."

Binti alikuwa amepiga magoti kusalimu, macho chini, kama tunavyowalea mabinti kwetu.

"Mwalimu waitu," akasema baba, kwa neno letu Wahaya la unyenyekevu, "hiyo ni heshima niliyomfundisha." Baba akahema. "Haya, mwanangu, mtazame."

Binti akamkazia mwalimu macho. "Nisipochukuliwa, kosa litakuwa la macho yangu au la mafunzo yenu?"

Mwalimu akainamisha macho yeye. "Huyu ataingia," akasema.

Mimi niliyelelewa vivyo hivyo nimetazama sakafu za watu maisha yangu yote. Najua nani hafagii, lakini hakuna chuo kinachouliza hilo.