Mlinda nguo wa ufukweni na kofia ya njano

Saa tatu asubuhi mabasi mawili ya hoteli yanateremka kutoka kilimani, yanaegesha kando ya mchanga, na Mama Vikapu anainuka kwenye kigoda chake. Watalii wanashuka mmoja mmoja wakishika reli. Mama Vikapu hawatazami usoni. Macho yake yanaanzia kwenye kofia, yanashuka mpaka viatu, kisha yanapanda tena kwa mwingine, upesi upesi kama mtu anayechambua mchele.

"Nyeupe. Nyeupe. Ya kamba. Huyu hana kitu, ataungua. Nyeupe," ananong'ona.

Basi la pili linamaliza kushusha watu. Kofia ya njano haimo. Anakaa tena na kuvuta vikapu vyake karibu, kwa sababu kazi ni kazi.

Kazi yenyewe ni kulinda nguo. Chini ya kibanda cha mabati, watu wanaokwenda kuogelea humwachia mashati, viatu na simu, naye huweka vitu vya kila mtu kwenye kikapu kimoja na kukitundika kwenye msumari. Hoteli haimlipi. Imemruhusu tu kukaa hapo, na anaishi kwa bahashishi ambayo siku nzuri hutosha unga na sukari, na siku ya mvua hurudi nyumbani akiwa amebeba uchovu wake tu.

Hatoi namba wala kadi. Kwa miaka tisa amekumbuka kila kikapu na mwenyewe, kwa kukariri alichovaa.

"Wakishavua wanafanana wote," anasema. "Wekundu mgongoni, weupe tumboni. Kwangu mimi nguo ndiyo jina la mtu."

Na akianza kuyasoma majina hayo, msikilizaji anacheka hata kama hakuja kucheka. Kuna wanaume wanaokuja na suruali zenye mifuko mpaka magotini, rangi ya udongo, kana kwamba wanakwenda kuwinda simba, na mnyama pekee ufukweni hapo ni paka wa jikoni. Kuna suruali zenye zipu kwenye goti, zinazogeuka kaptura. Mzee mmoja alifungua mguu wa kulia akausahau wa kushoto, akashinda hivyo kutwa nzima na mkewe asimwambie. Wageni wapya huwajua kwa mikunjo ya pakiti iliyobaki kwenye mashati. Wenye soksi ndani ya malapa hawaulizi, anawaonea huruma tu.

"Wananunua nguo za huku wakiwa kwao, kabla hawajajua huku kukoje," anasema. "Siku ya tatu ndiyo wanavaa za kwao wenyewe."

Halafu kicheko kinakatika, kwa sababu mazungumzo ya nguo hapo hayaendi mbali kabla ya kufika kwenye shati lenye kasuku.

Wafanyakazi wa ufukwe huo na wa hoteli ile wana neno lao: nguo za kuachiwa. Mtalii anapofika siku yake ya mwisho, begi limejaa zawadi, huacha malapa, shati au taulo kwa aliyemhudumia. Wengine husema "chukua", wengine huona haya na kuacha tu. Nusu ya mtaa anaokaa Mama Vikapu umevaa hivyo, na hakuna anayeuliza mwenzake alikopata. Jibu linajulikana. Niliachiwa.

Kwa wale wanaoacha bila kusema, alijiwekea alama. "Anayekwenda kuogelea huvua akatupa. Anayeaga hukunja," anasema. "Alama hiyo haikuwahi kunidanganya."

Jioni moja mwaka jana, msimu kama huu, alikuta kwenye ukingo wa kibanda, nje ya vikapu vyake, shati la bluu lenye picha za kasuku na suruali fupi. Vyote vilikuwa vimekunjwa kwa utaratibu, na malapa yamepangwa juu. Hakukuwa na simu wala pochi. Ufukwe ulikuwa mtupu. Aliangalia huku na huku, akamshukuru aliyeacha, akaenda nazo nyumbani. Alifua, akapiga pasi, akampa mumewe ambaye ni fundi mwashi.

"Alipendeza," anasema.

Mwenye shati alikuwa amepanga peke yake katika nyumba ya wageni mjini, kwa hiyo hakuna aliyemkosa upesi. Maji yalimrudisha akiwa maiti upande wa pili wa miamba baada ya juma zima, na mwili wake haukuwa na la kumwambia daktari. Ndugu zake walileta picha, ikabandikwa milangoni mwa maduka. Marehemu anacheka ndani ya picha hiyo, amevaa kasuku wale wale.

Mama Vikapu aliipita picha hiyo njiani, lakini kwa mbali, na yeye si mtu wa kutazama nyuso. Mwashi hakuiona kabisa. Alilivaa shati kwenda kuomba kazi kwenye jengo jipya ili aonekane nadhifu, na mlinzi wa getini, aliyekuwa ameiona picha, akapiga simu polisi. Alirudishwa nyumbani siku hiyo akiwa na pingu, ili polisi wapekue.

Hapo ndipo fundi alipoliharibu jambo kwa mapenzi. Mkewe alipofungua mdomo tu, yeye aliwahi kusema: "Nimeokota mwenyewe ufukweni. Huyu hajui lolote." Baadaye mke alieleza kweli yote kituoni, kuanzia kibanda mpaka pasi. Maelezo mawili, midomo miwili. Wakaambiwa kuwa mke hawezi kukosa la kumtetea mumewe.

"Nilimuuliza kupitia nondo, baba watoto, kwa nini? Akaniambia, mmoja wetu abaki na watoto." Mama Vikapu anafuta macho kwa kiganja. "Nilimkasirikia. Mpaka leo namkasirikia, na chakula nampelekea."

Anashitakiwa kwa kumpora mgeni, na kifo chenyewe bado kinachunguzwa. Kila kesi inapotajwa, sentensi ni ile ile: upelelezi haujakamilika. Mwashi amekonda mahabusu. Nyumbani mama mkwe hasemi mengi, lakini alilosema halijasahaulika: "Mkwe wangu, ulimvika mwanangu kifo cha mtu."

Yupo aliyeona. Siku ile, bibi mmoja mtalii alikaa kwenye kiti kando ya kibanda mchana kutwa, akaongea na mwenye shati. Mama Vikapu aliwaona kabla hajaenda kusaidia kundi lililokuwa linaondoka. Aliporudi, viti vilikuwa vitupu. Bibi huyo amekuja misimu mitatu mfululizo, na kila mara amevaa kofia pana ya njano yenye utepe wa kijani, iliyotobolewa na moto wa sigara kwenye ukingo wa kushoto. Wakili anayemsaidia mwashi alikwenda hotelini kuuliza. Mapokezi walitaka jina au namba ya chumba. Yeye alijua habari za kofia tu, na mtu hatafutwi kwa kofia.

"Akisema tu kwamba yule kijana alikunja nguo mwenyewe, akaingia majini mwenyewe, basi," anasema Mama Vikapu. Anatazama maji kidogo. "Nimewaza sana. Labda alama yangu haikunidanganya hata siku ile. Alikuwa anaaga kweli. Mimi sikujua anaaga nini."

Alasiri, mwandishi wa makala haya akiwa bado kwenye mchanga, Mama Vikapu anasimama ghafla. Juu ya barabara, karibu na geti la wafanyakazi, kofia ya njano inapita. Utepe wa kijani unapepea. Anaacha vikapu vyote na misumari yake, jambo ambalo anasema hajawahi kulifanya, anapanda ngazi mbio na malapa yanamvuka miguuni.

Kichwa kinageuka. Ni mhudumu wa vyumba, ametoka zamu, ana mfuko wa mboga mkononi.

"Dada yangu, kofia hii umeipata wapi?"

"Niliachiwa," anajibu mhudumu. "Mwaka jana. Bibi mmoja anaondoka, akaiacha kitandani."

Mama Vikapu anashika ukuta. Mwaka mzima amekuwa akiisubiri kofia irudi kwa ndege, nayo ilikuwa hapo hapo, kichwani mwa mtu.

"Nyumbani ndiyo naivaa," mhudumu anajitetea, maana ameona sura ya mwenzake. "Leo jua limenishinda. Kwani ni yako?"

Anaelezwa. Anaisikiliza habari yote akiwa amesimama juani, na ikifika kwenye pingu anaivua kofia taratibu na kuishika nyuma ya mgongo. Kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi wakiniuliza nimeipata wapi, itakuwaje?"

"Utasema kweli."

"Mumeo alisema kweli?"

"Hakusema," anajibu Mama Vikapu. "Ndiyo maana yuko ndani."

Gari la mizigo linapita. Mhudumu ndiye anayeanza.

"Nyuso zao mimi nazichanganya, dada, nisikudanganye. Mimi namjua mtu kwa kitanda. Yule bibi hakutaka feni, na alitaka mito mitatu, mmoja wa miguu. Sasa juma hili chumba kile kile yumo bibi hataki feni, anataka mito mitatu."

"Anavaa nini?"

"Kofia nyeupe ya hoteli. Si wanapewa wote mapokezi?"

Mama Vikapu anakaa chini ukingoni mwa barabara. Nyeupe, nyeupe, alikuwa akihesabu asubuhi, na jana yake, na juzi. Huenda bibi amempita kila siku mbele ya kibanda, akasema habari za asubuhi, akajibiwa na mtu aliyekuwa anaangalia kichwa chake na kuona si yeye.

"Nimemtazama nikampita," anasema. Analia waziwazi, bila kujificha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mhudumu anajua: mgeni wa chumba hicho anaondoka kesho, na basi la uwanja wa ndege hutoka saa moja asubuhi. Anaitazama kofia, anaipangusa vumbi, anamnyooshea. "Chukua umwonyeshe. Akiiona yake, atasimama."

Mkono wa Mama Vikapu unakwenda, halafu unarudi.

"Siichukui hivi hivi. Sema kwanza, huyu mwandishi asikie."

Mhudumu anamtazama mwandishi, kisha geti la kazini kwake, kisha mwenzake aliyekaa vumbini.

"Nimempa," anasema, sasa kwa sauti ya kusikika. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Hakuokota."

Jioni vikapu vinarudi kwa wenyewe, na hakuna kilichopotea. Mtalii mmoja ameacha taulo lililokunjwa kwenye ukingo wa kibanda. Mama Vikapu haligusi. Anamwita mlinzi wa hoteli aje alichukue, kisha anaiweka kofia ndani ya kikapu kitupu na kukifunika kwa leso.

Kesho atakuwa kwenye mlango wa basi kabla ya dereva. Maneno machache ya kigeni anayoyajua ni ya bei, asante na maji, lakini mhudumu ameahidi kusimama naye na kusaidia, kama hatabadili mawazo usiku. Safari hii, anasema, atatazama nyuso zote, moja moja, hata zenye miwani.

"Miaka yote hii nimezoea kuachiwa vitu," anasema akifunga kamba ya kikapu. "Kesho naomba niachiwe mtu."