Ukuta Ulipofunga Njia Yetu

Ilianza Jumanne, saa kumi na mbili na robo jioni, nilipotoka shule nikakuta njia yetu imeishia kwenye ukuta. Asubuhi palikuwa na pengo la kupita mtu mmoja. Sasa mawe yalikuwa yamenipita kichwa, simiti bado mbichi.

Hapa Nyamasaria, njia hiyo haikuwahi kuwa barabara. Ilikata katikati ya boma la mzee mmoja, na ukipita lazima usalimie kila mlango. Niliichukia kwa hilo tu. Mimi nina haya. "Huyu ana sauti ya mbu!" mama wa pale anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alizoea kunitania, na wote wakicheka. Baadaye mzee akauza boma kipande kwa kipande. Kila mnunuzi alijenga mpaka mwisho wa ploti yake, akidhani jirani ndiye ataacha njia. Mwenye ukuta huu alikuwa wa mwisho.

Ikabidi nizungukie kwenye ploti mpya. Barabara ya kule ni pana, lakini pande zote mbili ni migongo ya kuta. Hakuna mlango, hakuna jiko linalofuka moshi, hakuna wa kuniita mbu. Nikasikia pikipiki nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, nayo inapunguza.

"Siste, mbona unaogopa? Panda nikupeleke."

Hata ningepiga kelele, nani angesikia nyuma ya mawe yale? Nilikimbia mpaka nikaona taa ya duka. Nilimsikia akicheka, akageuza.

Nyumbani mama alitazama kwanza viatu vyangu, vilivyojaa matope. Nikamwambia yote. Akaendelea kusonga ugali, halafu akasema, "Muhula ukiisha utaenda Pap Onditi kwa dani. Utasomea huko."

Nampenda dani, nyanya yangu. Lakini shule yangu iko hapa, na mama yuko hapa.

"Na wenye ule ukuta wakiacha mlango hapo, tupitie ndani kwao? Geti lao si liko upande wetu? Tuwaombe."

"Nani ataenda kuwagongea? Wewe?" Alicheka kidogo, kisha akaacha.

Naandika ukweli: niliogopa ile barabara, lakini geti la watu nisiowajua niliogopa karibu sawasawa. Kilichonisukuma ni ile simiti. Ikishakauka, nani atakubali kubomoa?

Asubuhi nilivaa sare mapema nikaenda. Nilisimama mbele ya geti lao jeusi. Nikagonga. Mbwa akabweka karibu kabisa na miguu yangu, ng'ambo ya bati, na sauti ya mwanamke ikamkemea.

"Oyawore, mama," nikamwamkia kwa Kijaluo. Sauti ya mbu kabisa. Nikarudia kwa nguvu.

"Nani?"

"Ni jirani wa hapa chini. Nimekuja kuomba mlango."

"Mlango gani tena?"

Komeo likasogezwa. Nilishika geti ili nisikimbie, nikaanza kumweleza kabla hajafungua.